Arubaini iende kama hamsini: namna mashine ya boti inavyotengenezwa kwa resi

Mtu anayetaka boti yake ishinde resi huanza na swali moja: silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) nikate kiasi gani? Hilo ni swali la mwisho lililotangulizwa mbele. Katika mashine ya kuchanganya oili, yaani ile ambayo oili hutiwa ndani ya petroli, hakuna kifaa kinachobadilishwa peke yake. Ukigusa hedi umeshagusa taiming (wakati wa plagi kutoa cheche), ukigusa taiming umegusa joto la pistoni, na pistoni ikipata joto jeti ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) iliyokuwa sahihi jana leo ni ndogo. Ndiyo maana mashine mbili zilizochongwa na fundi mmoja, kwa vipimo vile vile, moja hupaa na nyengine hunoki kabla ya kufika kisiwa cha Changuu.

Tuchukue Yamaha Enduro ya farasi 40 yenye silinda mbili, ambayo kwenye boti za faiba za Unguja na Pemba haihitaji utambulisho. Kipenyo cha silinda ni mm 80, mwendo wa pistoni mm 70, ujazo cc 703. Inatoa nguvu zake kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, na kiwanda kinataka ikifunguliwa moto wote iwe kati ya 4,500 na 5,500. Gia ya mguuni ina meno 26 kwa 13, yaani krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikizunguka mara mbili propela inazunguka mara moja. Mwenye ya 15 (cc 246, mm 56 kwa 50) atie namba zake, kanuni hazibadiliki.

Propela kwanza

Propela yenye pichi ya inchi 13 ingesogea sentimita 33 kwa kila mzunguko kama maji yangekuwa magumu kama mbao. Krenki ikiwa 5,500, propela ni 2,750, na 2,750 mara mita 0.33 ni kama mita 908 kwa dakika, sawa na kilomita 54 na nusu kwa saa. Maji si mbao, kwa hiyo toa asilimia 15 ya kuteleza: unabaki na kilomita 46. Boti yako ikionesha 38 kwenye GPS kwa mizunguko hiyo hiyo, kuteleza kumefika asilimia 30, na hapo mashine haina kosa. Propela imepinda ncha, au inakula hewa, au tezi (nyuma ya boti) imekaa chini mno na boti haijapanda juu ya maji.

Kuna jambo jengine ambalo wengi hawalipigii hesabu. Kwa propela ile ile, nguvu inayotakiwa hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mizunguko. Kutoka 5,500 hadi 6,000 ni ongezeko la asilimia 9 tu, lakini 1.09 kwa kipeo cha tatu ni karibu 1.3. Mashine iliyokuwa ikitoa farasi 40 sasa itoe 52. Na malipo yake? Kama kuteleza hakukubadilika, boti ya kilomita 46 itakwenda 50. Farasi kumi na mbili kwa kilomita nne! Kabla ya kuzinunua farasi hizo kwa grainda, okota kwanza zilizomwagika bure.

Zimemwagika kwenye uzito: tangi la lita 24 likijaa ni kilo 18 hivi za petroli, na maji ya ngama kila lita ni kilo moja. Zimemwagika chini ya boti, kwenye ukoga. Zimemwagika zaidi kwenye urefu wa mashine pale tezi. Bapa lile lililo juu ya propela, kwa kazi ya uvuvi, hukaa usawa wa mkuku au chini yake kidogo. Kwa resi mashine hupandishwa sentimita moja moja, ukipima mwendo kila mara, mpaka propela ianze kula hewa kwenye kona, kisha unarudi chini sentimita moja. Mguu ulio nje ya maji hauburuzi. Ila angalia maji ya kupoozea: tundu za kunyonyea ziko mguuni, na ukipandisha mno pampu itavuta povu. Mkojo wa mashine (maji ya kupoozea yanayorushwa nje) ukianza kukatika katika kwenye mwendo mkubwa, umevuka mpaka, hata kama GPS inakufurahisha.

Japani wana mashindano ya boti yaliyoanza Omura mwaka 1952, ambamo mashine ni za kiwanja na wanaoshindana hupewa kwa kura. Ushindi unatafutwa kwenye propela na namna mashine inavyofungwa. Yafaa kulikumbuka hilo kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Blok na krenki

Mashine ya kuchongwa ianze ikiwa nzima. Kuchonga mashine iliyochoka ni kuharakisha mazishi yake.

Pima silinda kwa geji ya ndani, juu, katikati na chini, kila pahala mara mbili kwa kukingamana. Ikiwa imeliwa au imekuwa yai, ibori. Ovasaizi za Yamaha ni mm 0.25 na 0.50; usiipende ovasaizi kwa kutaraji nguvu, maana kutoka mm 80 hadi 80.5 unapata ujazo wa asilimia moja na robo tu, na ukuta unapungua. Nafasi kati ya pistoni na silinda ndiyo inayoua mashine nyingi za resi. Pistoni ya kumiminwa kwenye kalibu ya saizi hii kwa kawaida hutaka mm 0.06 hadi 0.08. Ya kufuliwa, yaani iliyogongwa kwa nyundo ya kiwandani, hutanuka zaidi ikipata moto, nayo hutaka hadi mm 0.10 au zaidi. Fuata karatasi iliyokuja na pistoni, si kumbukumbu ya fundi. Pistoni mpya ya kufuliwa ikitiwa kwa nafasi ya ile ya zamani itakamata dakika za mwanzo tu, na utaona mikwaruzo minne iliyosimama wima, kama iliyopimwa kwa rula. Mikwaruzo ya upande mmoja, upande wa eksozi, ni hadithi nyengine: hapo ni joto au oili. Nafasi ya ncha za ringi, ringi ikiwa imesukumwa ndani ya silinda kwa pistoni ili ikae sawa, iwe mm 0.3 hadi 0.4.

Krenki ya mashine hizi imeunganishwa kwa kugandamizwa, haikufungwa kwa bolti. Iweke juu ya vibao viwili vya V, weka geji ya saa kwenye beringi, zungusha pole pole. Ikicheza zaidi ya mm 0.03 ipelekwe kunyooshwa. Kwenye 5,000 mchezo huo unavumilika. Kwenye 7,000 unakula beringi. Sababu ni kwamba nguvu za kurusha hupanda kwa kipeo cha pili: kutoka 5,500 hadi 7,000 konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inabeba mzigo wa kurudisha pistoni ulioongezeka kwa asilimia 62. Mwendo wa wastani wa pistoni unatoka mita 12.8 kwa sekunde unafika 16.3. Beringi za juu na chini za konrodi, pini, na vidoko vya kuzuilia pini vyote viwe vipya, na kidoko hakivaliwi mara mbili. Flaiwili (gurudumu zito la krenki) usiitoboe kuipunguza uzito. Ikipasuka kwenye mizunguko hiyo hakuna kava itakayoizuia, na aliyeshika mkono wa mashine amekaa kando yake.

Ukishaifunga, ziba kabureta na eksozi kwa vipande vya mpira na mabati, tia upepo kwa pampu ya mkono hadi psi 6, halafu subiri dakika kadhaa. Sindano ikishuka, paka povu la sabuni kwenye viungo na sili za krenki. Upepo unaoingia hapo huitia mashine njaa ya petroli, na hakuna jeti itakayoitibu.

Tundu, hedi na hesabu inayowafunga pamoja

Hapa ndipo kwenye fundo lenyewe, basi tulifungue pole pole.

Mashine ya kuchanganya oili haina valvu juu. Pistoni yenyewe inafunua na kufunika tundu zilizo ubavuni mwa silinda: tundu la eksozi lililo juu zaidi, na tundu za kupandishia mchanganyiko, ambazo hufunuka baadaye kidogo. Mizunguko ikiwa mingi, muda wa kutoa moshi unakuwa mfupi. Ukitaka mashine ivute kwenye mizunguko ya juu, lazima tundu la eksozi likae wazi kwa digrii nyingi zaidi za krenki. Kulipandisha juu ndiko kunakoitwa kuchonga.

Kiasi gani? Funga sahani ya digrii kwenye krenki, tafuta juu kabisa ya pistoni kwa geji ya saa, zungusha hadi ukingo wa pistoni uanze kuachia mwanga kwenye tundu, soma namba. Tuseme konrodi ina mm 140 kutoka pini hadi pini (yako ipime) na eksozi inakaa wazi digrii 170, yaani inafunuka digrii 95 baada ya juu kabisa. Pistoni wakati huo imeshuka mm 42.5. Ukitaka digrii 180, ifunuke kwenye 90, pistoni ikiwa imeshuka mm 39.5. Mm tatu tu, zimekula digrii kumi. Kwa hiyo kila nusu milimita ya tupa ni zaidi ya digrii moja na nusu, na chuma kilichotoka hakirudi. Paka wino wa bluu, chora mstari kwa sindano ya chuma, kisha chonga hadi kwenye mstari, usiufute.

Sasa fuata deni. Kompresheni (mgandamizo) ya kweli ya mashine hii huanza pale pistoni inapopanda na kufunga eksozi. Kabla ya hapo inasukuma mchanganyiko nje. Eneo la silinda ya mm 80 ni sentimita mraba 50.3. Kwenye digrii 170 ujazo uliofungiwa ni 50.3 mara 4.25, kama cc 213. Chukua chumba cha hedi cha cc 38: 213 na 38 ni 251, gawa kwa 38, unapata 6.6 kwa 1. Baada ya kuchonga mm 3, ujazo uliofungiwa umeshuka hadi cc 198, na hesabu ile ile inatoa 6.2. Umepoteza kompresheni bila ya kugusa hedi. Ndiyo maana mashine iliyochongwa eksozi tu hulegea chini, haitaki kupandisha boti juu ya maji, na mwenyewe hulalamika kuwa fundi kaiharibu. Kuirudisha kwenye 6.6 chumba kiwe cc 35.4, yaani utoe cc 2.6, ambazo kwa eneo lile ni mm 0.5 ya hedi. Hilo ndilo jibu la swali la mwanzo: hedi hukatwa kulipa deni la tundu, na namba yake inatoka kwenye hesabu hii, si kwa jirani.

Chumba kipime hivi: hedi imelazwa chali, chumba kikitazama juu, plagi imefungwa, juu yake kibao cha plastiki angavu chenye tundu dogo kilichogandishwa kwa grisi. Tia mafuta mepesi kwa bomba la sindano la hospitali, hesabu cc hadi kiputo cha mwisho kitoke. Silinda mbili zisitofautiane hata nusu cc. Kisha pima nafasi iliyobaki kati ya pistoni na ukingo wa hedi: pitisha waya laini wa lehemu kwenye tundu la plagi hadi uguse ukuta, zungusha krenki kwa mkono, uchomoe, pima ulipobanwa. Kwa pistoni pana kama hii usishuke chini ya mm 1. Konrodi hunyooka kidogo kwenye kasi, na pistoni ikigusa hedi utaisikia mara moja tu.

Anayenunua hedi kuukuu atazame imetoka wapi. Yamaha walitoa pia mashine za mafuta ya taa, na kompresheni yake ni ya chini kwa makusudi.

Upana wa tundu la eksozi nao una mpaka. Bila ya nguzo katikati, usipite asilimia 65 ya kipenyo, yaani mm 52, kwani ringi huchomoza kwenye tundu na kukatika. Ukimaliza, kingo zote zilainishwe kwa mshazari mdogo wa nusu milimita. Kingo kali ni kisu. Tundu za kupandishia ziache pale zilipo; safisha tu njia yake, linganisha kushoto na kulia. Fundi anayeanza na hizo kwanza, mwambie asubiri.

Bomba la eksozi

Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ huko Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeonesha katika miaka ya 1950 kuwa bomba linalotanuka kisha likafinyika linaweza kurudisha wimbi la moshi wakati hasa tundu linapofungwa, likausukuma ndani mchanganyiko uliokuwa ukitoroka. Mwaka 1961 Ernst Degner, mwendeshaji wa pikipiki za resi za MZ, alihamia Suzuki, na ujuzi huo ukaenda naye.

Kwa nini basi mashine ya uvuvi haina bomba hilo? Piga hesabu. Eksozi ikiwa wazi digrii 180 kwenye 7,000, huo ni muda wa milisekunde 4.3 (sehemu 4.3 za elfu za sekunde). Wimbi kwenye moshi wa moto hukimbia kama mita 500 kwa sekunde, na linatakiwa liende na kurudi: urefu unaotoka ni kama mita 1.07. Mguu mfupi wa mashine hauna hata nusu ya nafasi hiyo. Kwa hiyo mashine za resi hutoa bomba nje, moja kwa kila silinda, na wanaochonga mashine ya kawaida huku wakiacha eksozi ya kiwandani wasitarajie zaidi ya digrii 175 hivi kuwafaa kitu. Juu ya hapo moshi unatoka vizuri na mchanganyiko mpya unatoroka nao pamoja. Na maji yakiingia bombani moshi unapoa, wimbi linapunguza mwendo, vipimo vyote vinahama.

Petroli, oili na moto

Jeti haichaguliwi kwenye meza. Anza kubwa, saizi mbili au tatu juu ya iliyokuwepo, kisha shuka moja moja. Kimbiza moto wote kwa nusu dakika kamili, vuta kamba ya kuzimia bila ya kurudisha moto, toa plagi hapo hapo. Kauri ya kahawia ya chai ya maziwa ni salama. Nyeupe ni joto kupita kiasi, na chembe ndogo zinazong'aa ni alumini ya pistoni inayokuja juu: simama. Na jeti iliyosawazishwa kwenye joto la kaskazi si ya kusi. Asubuhi ya mwezi wa Julai hewa ni nzito kwa kama asilimia 3, mashine inapata hewa zaidi kwa petroli ile ile, na hapo ndipo zinapotoboka pistoni.

Kiwanda kinasema oili 1 kwa petroli 50, mililita 20 kwa lita. Wakati wa kulainisha mashine mpya 25 kwa 1, mililita 40. Kwa resi wengi hukaa karibu na 32 kwa 1, kama mililita 31, ambazo kwa tangi la lita 24 ni mililita 750. Kumbuka oili inapita kwenye jeti ile ile, basi kuongeza oili ni kupunguza petroli. Ukibadilisha mchanganyiko, soma plagi upya. Tumia oili ya boti yenye alama ya TC-W3 au ya resi hasa, si ya pikipiki iliyopimwa kwa kizibo. Petroli ya dumu iliyotiwa mafuta ya taa, hata kidogo, hugonga kwenye kompresheni iliyopandishwa, na kugonga huko hakusikiki juu ya kelele za mashine.

Plagi iwe baridi zaidi kwa namba moja: kwa NGK namba ikipanda plagi inapoa, 8 ni baridi kuliko 7. Taiming irudishwe nyuma digrii moja au mbili kompresheni ikiongezwa. Kwa vipimo vyetu, kutoka digrii 22 hadi 20 kabla ya juu kabisa ni pistoni kutoka mm 3.2 hadi 2.6, kwa hiyo jicho halitoshi, tumia geji. Vibati vya ridi (valvu ndogo za kuingizia mchanganyiko) vya chuma vikikatika huingia ndani na kuparura kila kitu. Vya faiba au kaboni huchakaa ncha zikachanika, nazo humezwa bila ya balaa kubwa.

Majini

Jaribu siku za maji mafu, si bamvua. Bahari yetu hupanda na kushuka kwa kama mita nne kwenye bamvua, na mkondo wa mlangoni utakuongezea kilomita ambazo si zako. Kimbia kilomita moja kwenda na moja kurudi, chukua wastani. Upande wa magharibi, wakati wa kusi, una maji tulivu. Pwani ya mashariki kuna kamba za mwani, na propela ikizipata imeharibu kazi yako na ya mama wa watu aliyezifunga.

Tangi la kwanza ni la kulainisha: nusu moto, ukipandisha na kushusha, kamwe si mwendo mmoja. Kisha kaza bolti za hedi upya mashine ikiwa imepoa, kutoka katikati kwenda nje. Kamba ya kuzimia iwe mkononi kila mara na jaketi mwilini, kwani mashine iliyopandishwa juu ya tezi hutupa boti kwenye kona bila ya taarifa. Ukirudi, oshea maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika kumi, kisha izime kwa kufunga petroli ili kabureta ikauke. Impela ya pampu ibadilishwe kila msimu hata ikionekana nzima, na ringi zitoke zikaguliwe baada ya kila resi mbili tatu: nafasi ya ncha ikipita mm 0.8 ringi imekwisha, na silinda ipimwe tena kabla ya kutia mpya.